Mke wa Bomani

Chuno, Mtwara
9 Juni 2024

Wifi Zainabu,

Salaam aleikum. Nakuombea uwe umeamka vizuri wewe na wote wa hapo Mtawanya, na kwamba goti linakuruhusu kufika shambani msimu huu wa kupulizia mikorosho. Mimi sijambo. Presha yangu ina maringo kidogo, lakini nameza vidonge na tunavumiliana. Mwanetu Farida yuko Dodoma, mzima, anakusalimu shangazi yake.

Najua karatasi hii itakushangaza. Ila wewe na mimi simu imetushinda. Sikio lako la kushoto limechoka, nami nikipaza sauti unasema nakufokea. Na tangu tumzike Kassimu mwaka jana, tukaachana pale matangani kila mtu na kisirani chake, hakuna aliyempigia mwenzake. Nimeona niandike. Karatasi haifoki.

Nina habari. Unalikumbuka Boma la Nandimba, njia ya kwenda Mnazi Bay, ofisi ya zamani ya mkuu wa wilaya? Tangu ofisi zihamie jengo jipya, pale pakawa pa popo na mbuzi. Sasa wamelikarabati, wamelipaka chokaa hadi linaumiza macho, na limefanywa makumbusho ya historia. Sisi akina mama wa jumuiya tulikwenda juzi kulitembelea.

Wifi, tulicheka! Chumba cha kodi kimebaki na lile dirisha dogo la nondo, ambalo baba zetu waliinama kulipia kodi ya kichwa. Mizani ya korosho ipo. Mashine ya kupigia chapa ipo, herufi ya K imeng'oka. Mahabusu nayo ipo. Mwenyekiti wetu Esta akaingia humo apigwe picha, mlango ukagoma kufunguka. Alianza rozari, na kabla hajafika mbali mlinzi akaja na mafuta ya taa, akapaka bawaba, akamtoa. Alipotoka alisema tangu leo hatamtania mtu aliyefungwa.

Halafu tukafika chumba cha mwisho, upande wa baharini. Mlangoni bado pameandikwa NDOA. Meza ni ile ile. Nikajikuta nasema kwa sauti, "Hapa ndipo nilipoolewa." Kisha vigelegele vikaanza, mpaka mkuu wa makumbusho, Bi Martha, akaja mbio akidhani kuna aliyeanguka.

Aliniuliza mengi. Nikamwambia jinsi ilivyokuwa mwaka 1982: baba yangu mzee Constantino, aliyevuka Ruvuma na sisi watoto wakati wa vita, akitaka ndoa ya kanisani au hakuna, wazazi wenu wakitaka nisilimu kwanza au hakuna, na Kassimu akaniambia, "Basi twende tukaoane serikalini, serikali haina dini." Bi Martha akaomba kitu cha kuonyesha watu. Nimempa lile gauni langu la maua ya njano, na picha ya mimi na Kassimu kwenye ngazi. Vimewekwa kwenye kabati la kioo, pale ukumbini.

Njoo ulione, Zainabu. Kaka yako yumo mle kabatini, kijana, na zile nywele zake kubwa alizokuwa akizichana kutwa.

Ni mimi,
Joana, mke wa marehemu Kassimu


Mtawanya
20 Juni 2024

Bi Joana,

Waaleikum salaam. Karatasi yako nimeipata. Sisi wazima. Goti ni lile lile. Mwambie Farida nimeitikia.

Kuja huko sitaweza. Salfa haingoji mtu, ukichelewa kuipulizia mikorosho ubwiriunga unakula maua yote. Na makumbusho ni mahali pa kutazama vitu vilivyokufa. Mimi vyangu vilivyokufa nimevizika hapa hapa, sihitaji kioo.

Halafu mambo ya Bomani ni yako wewe. Sisi wengine tuliolewa nyumbani kwetu, shehe akaja kwa miguu yake.

Anayekuletea barua hii amebeba na ming'oko niliyochimba porini. Si zawadi. Imezidi.

Zainabu, dada yake Kassimu


Mtawanya
14 Julai 2024

Joana,

Salamu zitafuata mwishoni nikikumbuka. Kwanza nikuulize: mama yangu alikukosea nini?

Nilikuwa natoka kwenye hitima kule Msimbati. Nikapita Nandimba. Nikasema mwenyewe, basi nikamwone kaka yangu, nitoke. Nikalipa kiingilio kama mgeni, sikusema mimi ni nani.

Kijana anayetembeza watu anaitwa Mustafa. Ana adabu, sina neno naye. Alikuwa na kundi la watoto wa shule, nikajiunga nao nyuma. Nikaona chumba cha kodi, nikaona mahabusu. Tukafika kwenye kabati lako la kioo. Kassimu yumo kweli, anacheka, jino lile la mbele limepandana. Nikasimama.

Sasa pembeni pana kibao. Mustafa akakisoma kwa sauti watoto wasikie: "Mama wa bwana harusi aliikataa ndoa hii. Siku ya harusi hakufika, na hakutaka kumwona bibi harusi."

Mtoto mmoja wa kike akanyosha mkono. "Mwalimu, huyo mama mkwe alikuwa mchawi?"

Nikasema, "Nani mchawi? Huyo ni mama yangu!"

Joana, wale watoto walirudi nyuma wote kwa pamoja kama wimbi, wengine wakaingia mahabusu wenyewe. Mustafa akaniletea kiti. Bi Martha akaniletea maji. Nikawaambia hayo maneno si kweli. Mustafa akasema, "Bibi, tumeyapata kwa bibi harusi mwenyewe."

Yaani ni wewe! Bi Saida binti Rajabu, aliyelima mpaka mikono ikawa kama magome, leo watoto wa shule wanamwita mchawi kwenye jengo la serikali kwa maneno ya mkaza mwanawe!

Kitolewe kibao hicho.

Haya, hujambo. Sisi wazima.

Zainabu


Chuno
18 Julai 2024

Wifi Zainabu,

Salaam aleikum. Nimefurahi kwamba nyote ni wazima. Presha yangu leo sitaisema, utajua mwenyewe kwa nini.

Kwanza, neno mchawi sikulitamka mimi, na Bi Martha hakuliandika. Kwa hilo nakupa pole, na yule mtoto ningekuwepo ningemrekebisha. Mama yako aliniheshimu kwa namna moja: hakunitukana hata siku moja.

Lakini kibao kinasema nini kisicho kweli? Alifika? Aliniona? Miaka yote niliyokaa na kaka yako, nilikuwa nikija Mtawanya sikukuu, nasalimu, naketi mkekani na akina mama wengine, naletewa sahani kama mgeni wa mbali. Nitajie siku moja aliyoniita mkwe. Moja tu, Zainabu, nami nitakwenda Nandimba nikakichomoe kibao kwa mkono wangu.

Na kwa kuwa tumeanza kusema, niseme. Siku tuliyomzika Kassimu, wale mama walipokuja na nguo ya eda wanivishe, nani alisema, "Msimpe hiyo, huyu ni mke wa Bomani"? Nilikuwa nimekaa chini, nimefunika uso, lakini masikio yangu yote mawili yanasikia. Nikainuka nikaondoka. Eda nilikaa, hapa kwangu Chuno, kwa namna yangu, peke yangu. Na kaburini kwake sijarudi, kwa sababu ni shambani kwenu, na sikujua nitapokewaje.

Kwa hiyo usiniulize mama yako alinikosea nini. Niulize nilikuwa nataka nini kwake. Nilitaka aniangalie mara moja.

Kibao kitabaki.

Joana


Mtawanya
2 Septemba 2024

Wifi,

Assalaam aleikum warahmatullah. Umzima? Farida mzima? Presha imeshuka? Mimi goti limepata nafuu, nalikanda kwa maji ya chumvi. Mikorosho imechanua vizuri, mabibo ya kwanza yameanza kuiva.

Nimechelewa kukujibu. Nilianza mara nyingi nikaacha. Mama aliniapisha, na mimi si mtu wa kuvunja kiapo cha mama. Nikamwendea shehe nikamwuliza. Akasema, "Kiapo kikimwacha marehemu na aibu isiyo yake, kivunje, ufunge siku tatu." Nimefunga. Sasa sikiliza.

Mwaka ule nilikuwa mwali, nimetoka unyagoni juzi tu. Baba alikuwa ameapa kwamba atakayekanyaga Bomani siku ya harusi yenu asirudi nyumbani kwake. Ulimjua baba, hakuwa anatishia. Asubuhi hiyo mama akaniambia, "Jifunge kanga, twende sokoni Nandimba tukauze mihogo." Tukashika njia. Yeye amevaa zile kanga zake za Idi, amejipaka wanja. Tumefika mbali nikamwambia, "Mama, mbona hatukubeba mihogo?" Akasema, "Nyamaza, tutainunua huko huko."

Tulikaa kwenye baraza la lile duka la nguo lililokuwa linatazamana na Boma. Tulikaa sana. Mwenye duka akatuuliza tunataka nini, mama akashika kitambaa, akauliza bei, akakiacha, akashika kingine, mpaka yule bwana akachoka akaingia ndani.

Ndipo mkatoka. Wewe na hilo gauni la njano. Kwenye ngazi ya pili ukajikwaa, kiatu kikaruka mpaka kwenye maua, Kassimu akakudaka kiunoni. Ukacheka. Hukuona haya, ukacheka umeinua kichwa, huku umesimama mguu mmoja kama korongo. Na mama akacheka. Joana, alicheka mpaka akajifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. Nilidhani analia, nikamfunua. Alikuwa anacheka.

Akasimama avuke barabara. Akapiga hatua. Akamwona baba yako mlangoni. Mzee Constantino alikuwa amesimama pale na koti, uso umekunjamana, anaitazama barabara kama askari wa forodha anayesubiri magendo. Mama akarudi akakaa. Akasema, "Yule nikivuka atanifukuza mbele ya watu. Ana haki. Sisi tumemkataa binti yake." Nikamwambia, "Mama, twende tu." Akasema, "Nimeshamwona. Anacheka vizuri. Mwanangu hatanuna nyumbani kwake."

Tukanunua mihogo ya watu, tukarudi nayo nyumbani, akamwambia baba soko lilikuwa baya.

Unasema hakukuita mkwe. Ni kweli. Baba alipofariki mama alikuwa ameshazoea kunyamaza, na aliona haya. Lakini ile mihogo na mbaazi alizokuwa akikuletea kwa mkono wa Kassimu, akisema imezidi, ilizidi wapi? Sisi watu wa kutegemea mikorosho, lini kitu kimetuzidi? Alikuwa akichagua iliyonyooka, anaipangusa udongo mmoja mmoja.

Na lile neno la matangani nililisema mimi. Nilikuwa na uchungu wa kaka yangu, nikatafuta mtu wa kumwumiza. Halikuwa na haki. Nisamehe.

Wifi yako,
Zainabu


Chuno
5 Septemba 2024

Wifi yangu Zainabu,

Salaam aleikum na amani ya Mungu iwe hapo kwako, na kwa goti, na kwa kila bibo linaloiva. Mimi mzima, presha iko chini, nilipima jana nesi akanipongeza.

Nimeisoma barua yako kwanza nimesimama, halafu nikakaa, halafu nikaingia nayo ndani nikafunga mlango. Habari ya kiatu sijapata kumwambia mtu. Kwenye picha huoni, Kassimu alikuwa amekwisha kukiokota. Ninyi mlikuwepo. Mama alikuwepo, na wanja.

Sasa nami nikupe langu, ushike kitu usianguke. Baba yangu hakuwa amekasirika siku ile! Alikuwa amekuja kwa hiari yake, amekubali, ameshanibariki alfajiri. Uso ule ulikuwa wa viatu. Aliazima viatu vyeusi vya mwalimu wa katekisimu, vikawa vidogo. Vilimbana mpaka machozi yakamtoka wakati wa kutia sahihi, mkuu wa wilaya akadhani ni uchungu wa binti. Aliposimama pale mlangoni alikuwa hawezi kwenda mbele wala nyuma. Na unajua alikuwa anatazama nini barabarani? Alikuwa anasema na mimi kwa Kimakonde, pole pole, "Hawaji? Hata mama yake haji? Ningempa mkono."

Zainabu, yeye anawatazamia ninyi, ninyi mnamwogopa yeye! Na katikati ni barabara ya vumbi ambayo kuku anavuka.

Nimecheka, nimelia, jirani amekuja kuuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimepata mama mkwe. Akaenda zake akitikisa kichwa.

Yameisha, wifi. Lile la matangani pia. Na mimi niliondoka bila kukuaga siku unamzika kaka yako wa pekee, hilo nalo si dogo.

Nimekwenda kwa Bi Martha na barua yako. Ameisoma, amevua miwani, amefuta, amesoma tena. Anasema kibao kitaandikwa upya, lakini hataki kuandika kwa maneno yangu peke yangu. Anataka tuje wote wawili, Jumamosi ya tarehe 14. Mustafa anasema ataweka viti viwili, na watoto wameahidiwa kwamba bibi mkali hang'ati.

Utakuja?

Wifi yako,
Joana


Mtawanya
1 Oktoba 2024

Wifi,

Assalaam aleikum. Nimerudi salama ile Jumamosi, nikalala kama gogo. Umzima?

Nilisahau kukuambia mbele za watu, nikaona niandike. Lile gauni ulikuwa mwembamba! Nilisimama pale kwenye kioo nikasema, huyu Joana ameliingiaje? Na ulivyonishika mkono ukaniingiza kwenye kile chumba, mimi sikuwahi kukikanyaga. Nilikuwa nimekiona kwa nje tu, kutoka baraza la lile duka. Ni chumba kidogo. Miaka yote nilikidhania kikubwa.

Kibao kipya nimekipenda. "Mama wa bwana harusi aliitazama harusi hii kutoka ng'ambo ya barabara, akafurahi." Mustafa alipokisoma yule mtoto wa kike akanyosha tena mkono. Nikasema moyoni, haya, leo tena. Akauliza, "Sasa kwa nini hawakumpelekea kiti?" Wewe ulitoa leso.

Lakini nina malalamiko. Unaisimulia vibaya. Umesema mama alikuwa amejificha. Mama hakujificha, alikuwa ananunua kitambaa. Na uliposimulia viatu vya baba yako ulichechemea chumba kizima, watu wakasahau habari ya mama. Jumamosi ijayo naanza mimi. Bi Martha amesema tuje kila tukiweza, wageni wanauliza.

Jambo la pili. Korosho zimeanza kudondoka, na mimi kuinama siwezi kutwa nzima. Vibarua wanaokota nusu, nusu wanaiacha majanini. Njoo. Chumba cha uani nimekisafisha. Kitanda ni kile alicholalia Kassimu akiwa kijana, kinalia kidogo ukigeuka. Kaburi lake liko karibu, unaliona ukifungua dirisha. Wanawake wa hapa nimeshawaambia mke wa kaka yangu anakuja. Hakuna atakayekuletea sahani mkekani. Utapika mwenyewe.

Usinijibu kwa maneno mengi.

Wifi yako,
Zainabu


Mtawanya, jikoni kwako
9 Novemba 2024, Jumamosi

Wifi,

Salamu za mtu aliyekuona asubuhi hii hii ukitafuta kandambili ni za nini? Lakini nimezoea, basi: hujambo? Goti? Mimi mzima.

Nakuachia karatasi hii chini ya kibakuli kwa sababu nakwenda shamba la chini na akina mama, na ukirudi kutoka Bomani hutanikuta. Natumaini leo umesimulia vizuri na hukumgombeza mtu. Mustafa aliniambia wiki iliyopita ulimwambia mgeni mmoja kutoka Dar kwamba mama alinunua kitambaa chote cha duka. Zainabu! Tukiendelea hivi mwakani mama atakuwa amelinunua duka lenyewe.

Wali umefunikwa. Mchuzi wa mbaazi nimeutia nazi mbili, usiniambie ni nyingi. Chumvi nimehangaika kuitafuta, mwishowe nimeikuta kwenye kopo lililoandikwa majani ya chai. Majani ya chai sijayapata hadi sasa.

Nimetoka kwa Kassimu. Nimemfagilia, nimeng'oa magugu upande wa kichwani. Nilikaa naye nikamsomea kibao chetu kipya kwa kichwa. Nilimwambia na habari ya mama barazani, yote, tangu wanja mpaka mihogo ya kununua. Nikasubiri kidogo, kama ambavyo mtu husubiri mwenzake amalize kucheka. Halafu nikachukua ndoo nikaenda kuokota korosho.

Farida amepiga simu kutoka Dodoma. Anauliza nitarudi lini Chuno, maana mpangaji wa nyuma anataka kujua nani amwagilie michicha. Nikamwambia, nikimaliza korosho. Akasema, "Mama, za mwaka huu au za mwakani?"

Nimemwambia amwulize shangazi yake.

Wifi yako,
Joana